Pua ya Karani

Mbwa yule aliamuliwa kwa simu, na hilo ndilo lililomkera Samiha kabla hata hajamtia machoni. Kaka yake Rahimu, huko Dar es Salaam kwenye kiti chake cha ofisini, aliona video ya mbwa aliyemnusa mtu aliyepotea msituni mpaka akampata. Akaituma Pangani, kisha akapiga simu kusema kwamba dawa ya Baba imepatikana. Hakuuliza. Rahimu hana tabia ya kuuliza. Yeye huwaza, hupiga simu, na kazi inabaki kwa Samiha.

"Mbwa, Rahimu? Nyumba hii?"

"Mbwa wa kunusa, si wa kung'ata. Baba akitoka, unamnusisha nguo yake, anamfuata mpaka alipo. Kuna bwana mmoja Ushongo anamtoa bure. Nimeshazungumza naye."

"Umeshazungumza naye!"

"Kesho anamleta. Kaeni naye wiki mbili muone kama anawafaa."

Samiha akarudi kwenye cherehani yake barazani, akashona pindo la sare ya shule likaenda upogo, ikabidi alifumue lote.

Shida yenyewe ilikuwa ya kweli, hilo hakuweza kulikataa. Baba yao, mzee Jumbe, aliyekata tiketi za pantoni pale mtoni kwa miaka thelathini na moja, alikuwa amepotewa na kumbukumbu. Zilimtoka kidogo kidogo: kwanza majina ya majirani, halafu siku za wiki, halafu jina la binti yake. Siku hizi alimwita Samiha "Saleha", jina la marehemu mama yao, na siku nyingine hakumwita kitu. Miguu tu ndiyo iliyokuwa mizima. Mwaka huu peke yake alikwishatoroka mara nne akisema anakwenda kazini, na mara ya nne alikutwa kwenye barabara ya Muheza, pekupeku, jua la saa saba likimchoma utosini. Daktari alimwambia Samiha waziwazi kwamba ipo siku mzee atatoka asirudi. Samiha hakuwa na mume wala mtoto wa kupokezana naye zamu. Alikuwa na komeo la mlango na macho yake mawili, na macho yenyewe yalikuwa yanashinda kwenye sindano.

Kesho yake Noa akaja na pikipiki, mbwa kamfunga ndani ya tenga la machungwa. Noa alikuwa Mshambaa wa makamo, Mlutheri, mtunza bustani wa nyumba moja ya wageni Ushongo. Wenye nyumba walikuwa wamefunga biashara wakarudi kwao Ujerumani, wakamwachia mbwa kama mtu anavyoachiwa mwavuli. Yeye amepata kazi Muheza, anapanga chumba, na mwenye nyumba hataki kusikia habari za mnyama.

"Anaitwa Karani, dada," alisema. "Hainui uso. Kutwa nzima kama mtu anayesoma karatasi."

Mbwa alishuka. Miguu mifupi, mwili wa mabaka ya kahawia na meupe, masikio marefu yakifagia vumbi. Hakumtazama mtu. Alianza kunusa kizingiti, akanusa miguu ya cherehani, akanusa ndara za mzee Jumbe moja baada ya nyingine, kwa utaratibu wa mkaguzi wa serikali.

Noa, kwa haki yake, hakumficha kitu. Alimwambia kwamba mbwa huyu anataka kutembezwa saa nzima asubuhi na saa nzima jioni. Akishika harufu hasikii jina lake wala la mama yake, kwa hiyo asiachiwe kamba hata kwa bahati mbaya. Akiachwa peke yake analia, na kilio chake kinasikika ng'ambo ya mto. Na anakula kila kitu, sabuni ikiwemo.

"Na mazuri yake?" Samiha akauliza.

Noa akafikiri. "Pua," akasema.

Jioni ile Samiha alikwenda kwa Maalimu Rama, anayefundisha madrasa mtaa wa pili, kumuuliza kama inajuzu. Maalimu alimjibu kwamba mwenye haja ya kweli sheria haimkatazi, na kumtafuta mzazi ni haja. Mbwa asiingie ndani tu. Chombo akikilamba kioshwe mara saba, moja iwe kwa udongo, na nguo akiitia mate ni vivyo hivyo.

"Mara saba, Maalimu?"

"Mara saba, binti yangu," alijibu Maalimu, kwa upole wa mtu asiyefua.

Basi wiki ya kwanza ikawa ya kuosha. Karani alilamba sufuria ya uji iliyokuwa ikipoa mlangoni: mara saba. Akapenyeza kichwa chini ya mkeka wa sala ulioanikwa: mara saba. Akaangusha uteo wa samaki wakavu wa Bi Tausi, jirani wa ukuta mmoja, akala watatu na kuwapitishia ulimi waliobaki. Bi Tausi alisimama mikono kiunoni akasema, "Mwanangu, mie sina ugomvi na wewe. Ila huyu mgeni wako, wallahi, atanitia maradhi." Samiha alimwomba radhi huku uso ukimwaka. Bi Tausi alikuwa amemjua tangu anazaliwa, na walichota maji bomba moja pale uani.

Halafu ile honi. Kila pantoni ilipopiga honi mtoni, Karani alikaa kitako, akaelekeza pua mbinguni na kutoa mlio mrefu wa kusikitisha. Na kila Karani alipolia, mzee Jumbe alivaa kofia yake, akasimama na kusema, "Haya, nachelewa kazini." Mbwa aliyeletwa kumzuia mzee asipotee ndiye aliyekuwa anamkumbusha kuondoka, mara kumi na mbili kwa siku. Samiha alipomweleza Rahimu, Rahimu alicheka. Alisema jambo hilo lingependeza sana kwenye video.

Lililomuuma kuliko yote hakumwambia mtu. Mzee Jumbe alimpenda yule mbwa. Alikaa naye barazani saa nzima, akimkuna nyuma ya masikio na kumsimulia habari za mizigo ya nazi na magari yaliyokwama kwenye gati. Na jina halikumpotea hata siku moja. "Karani, njoo. Karani, umekula?" Samiha alikuwa akisikia kutoka ndani, akipiga pasi vikoi vya mzee. Miaka miwili anamlisha, anamwogesha, anamkata kucha, na jina lake limeshindwa kukaa katika kichwa kile. La mbwa limekaa kwa siku tisa.

Siku ya kumi, Ijumaa, aliamua kumjaribu. Kama pua ndiyo sifa pekee, aione kwa macho yake. Asubuhi rafiki yake Asmahani, muuza maandazi wa barabara ya sokoni, alimchukua mzee kwake kunywa chai. Samiha akachagua kanzu ya Baba iliyo nzuri, akamnusisha Karani na kusema kama Noa alivyomwelekeza, "Tafuta!"

Karani alinusa. Mkia ukasimama wima. Akatoa sauti nene ambayo Samiha hakuwa ameisikia bado, akavuta kamba kwa nguvu isiyolingana na miguu yake, na Samiha akafurahi, kwa mara ya kwanza katika siku kumi. Furaha hiyo ilidumu hatua kama kumi na tano. Mbwa aliingia kwa Bi Tausi. Akatoka, akaingia nyumba ya pili. Akasimama mbele ya Maalimu Rama, aliyekuwa anatoka na kanzu nyeupe, akambwekea kwa shangwe kana kwamba amempata aliyepotea. Kutoka hapo akashika uchochoro, Samiha nyuma yake akiburutwa, mpaka nyumba yenye harusi, ambako wanawake walikuwa wamezunguka chetezo wakizifukiza nguo za bibi harusi. Karani alijirusha katikati ya lundo la kanga mpya na kuzama mpaka masikio.

Vilio vilivyopigwa pale havielezeki. Shangazi wa bibi harusi alimtazama Samiha akasema, "We Samiha, mtoto wa mzee Jumbe, wa kutuletea mbwa katika nguo za mwari?" Samiha alikusanya doti zote sita zilizoguswa, akazipeleka nyumbani, akazifua kila moja mara saba mpaka adhuhuri, vidole vikakunjamana. Alilia huku anafua, kwa hasira tupu. Mzee Jumbe alirudishwa na Asmahani akiwa ameshiba maandazi, akauliza Karani yuko wapi.

Usiulize kama alimpigia Noa. Alimpigia kabla nguo hazijakauka. Walipatana aje Alhamisi amchukue. Halafu akampigia Rahimu, aliyemsikiliza nusu na kusema, "Tatizo lako huna subira, Samiha. Kitu chochote kizuri kinataka muda."

"Njoo ukae nacho wewe basi."

"Unajua kazi yangu ilivyo."

Samiha aliijua. Aliijua kwa miaka miwili.

Sasa, kuna jambo Samiha alilolificha na ni lazima lisemwe, maana bila hilo mambo ya Alhamisi hayaeleweki. Mzee Jumbe alikuwa anakojoa kitandani, kila usiku. Na kila alfajiri, kabla jirani yeyote hajafika bombani, Samiha alikuwa amekwishafua shuka, fulana na kikoi, amekwisha kuanika kwenye kamba ya nyuma, amemwogesha mzee na kumfukiza udi. Baba yake alikuwa mtu nadhifu maisha yake yote, sare ya pantoni imenyooka, kiatu kinang'aa. Samiha aliapa kwamba mji huu hautamwona vingine. Watu walimsifu: "Mzee wako huyu, daima ananukia." Sifa hiyo ndiyo ilikuwa mshahara wake, hakuwa na mwingine.

Alhamisi bomba lilikuwa kavu. Alfajiri hakuna tone. Samiha alilikunja shuka lililolowa pamoja na foronya na nguo za usiku, akalisukuma chini ya kitanda ndani ya beseni, akatia komeo, akaenda na ndoo kisima cha mtaa wa juu. Foleni ilikuwa ndefu. Aliporudi saa tatu, mlango ulikuwa wazi, Karani alikuwa anapiga kelele kwenye kamba yake, na mzee hayupo.

Komeo alilifungua vipi mtu asiyejua leo ni siku gani, Samiha hajui mpaka leo. Aliita, akapita nyumba kwa nyumba. Bi Tausi akafunga kanga kiunoni akaelekea sokoni. Maalimu Rama akaenda msikitini na hospitali. Asmahani akakimbia kwenye pantoni, na wale mabaharia, wanaomjua mzee kama wanavyoijua honi yao, wakaapa hawajamwona. Saa nne wote wakakutana tena uani mikono mitupu. Maji ya bahari, mtu mmoja akasema, yanajaa.

Hapo ndipo Noa alipofika na pikipiki na tenga lake. Aliziona nyuso zile akazima injini.

"Mbona hamjamfungua Karani?" akauliza.

"Karani!" Samiha akamaka. "Huyo Karani wako nilimjaribu. Alinipeleka harusini."

"Ulimnusisha nini, dada?"

"Kanzu."

"Aliivaa lini?"

"Aliivaa lini! Kanzu ya Baba ni safi. Nimeifua, nimeipiga pasi, nimeifukiza udi."

Noa akajishika kichwa. "Dada yangu, wewe ulimwambia atafute udi. Na mji mzima Ijumaa unanukia udi. Nipe nguo ambayo haijafuliwa. Yoyote, hata soksi."

Samiha aliingia ndani mbio. Kanzu tatu ukutani, nyeupe. Vikoi vimekunjwa kwenye sanduku na asumini katikati yake. Kofia imetiwa wanga. Mito alikwisha kuivika foronya safi alfajiri ile. Alifungua, akatupa, akanusa kama mbwa mwenyewe, na kila kitu kilinukia sabuni na udi. Katika nyumba nzima aliyoishi baba yake hapakuwa na kitu kinachonukia baba yake. Alimfuta mwenyewe, kwa mikono yake, alfajiri baada ya alfajiri.

Ila lile beseni.

Alisimama pale kando ya kitanda kwa muda ambao baadaye aliuonea haya. Nje alisikia sauti ya Bi Tausi, ya Maalimu, ya Asmahani, na za watu wengine watatu wanne waliokuja kusikia. Aliwaza labda afunge kipande kidogo ndani ya mfuko. Labda amwite Noa aje ndani. Kisha akakumbuka maji yanayojaa, akainama, akalivuta beseni, na akatoka nalo uani mchana kweupe.

Harufu ilifika kabla yake. Uani watu wakasogea nyuma. Samiha hakumtazama mtu, alilitoa shuka lenye ramani ya manjano akaliweka chini mbele ya mbwa, na akasema kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, "Hili hapa. Ni la Baba. La usiku wa leo."

Karani aliingiza pua ndani ya shuka akatulia. Safari hii hakuruka. Alizunguka ua mara moja, akatoka mlango wa nyuma, pua chini, Noa ameshika kamba, Samiha nyuma yao na shuka mkononi na ndara zake mwenyewe mkono wa pili.

Walipita nyuma ya nyumba za mawe, wakakata barabara ya sokoni. Kwenye soko la samaki mbwa alisimama. Ndoo za dagaa, utumbo wa changu, magamba chini. Alinyanyua kichwa, masikio yakacheza, na Samiha akasema moyoni, basi, ametuuza. "Mpe tena," Noa akasema. Na Samiha, katikati ya wauzaji na wanunuzi, wateja wake anaowashonea, alilikunjua shuka la mkojo la baba yake na kumfunika nalo mbwa puani. Mtu mmoja alicheka. Samiha alimtazama mpaka akaacha.

Karani akainama, akaendelea.

Alishika njia ya minazi inayofuata mto, akaacha njia, akateremka kwenye mikoko. Zamani, kabla Samiha hajaanza shule, pantoni ilikuwa inafunga huko, kwenye gati ambalo sasa limebaki nguzo mbili za zege na kutu. Mbwa akatoa ile sauti nene.

Mzee Jumbe alikuwa amezama tope mpaka mapajani, maji yamemfika kiunoni, amekumbatia mzizi wa mkoko. Kofia ilikuwa imenyooka kichwani. Alikuwa amekasirika.

"Pantoni imechelewa!" akawapigia kelele. Kisha uso ukafunguka kama wa mtoto. "Karani! Karani huyo!"

Noa na wavuvi wawili walitandaza makuti juu ya tope, wakatambaa, wakamvuta kwa kamba ya mbwa iliyopitishwa kwapani. Ilichukua muda. Samiha alikuwa amepiga magoti ndani ya maji mpaka kifuani akimsukuma mgongoni, akilia na kumgombeza kwa pamoja. Walipomlaza pakavu, Karani alimrukia akamlamba uso wote, macho, ndevu, midomo. Mzee akacheka. Kisha akamgeukia Samiha, akamtazama kwa adabu aliyokuwa akiwatazama abiria.

"Mama, mbwa huyu ni wako?"

"Ni wangu, Baba."

"Mtunze. Anajua watu."

Samiha aliitika. Neno hilo lilimchoma, na liliendelea kumchoma njia nzima ya kurudi.

Nyumbani maji yalikuwa yamerudi bombani. Alimkalisha mzee kwenye kigoda, akaanza kumwosha uso. Moja. Mbili. Bi Tausi akaingia na ndoo mbili, bila hodi, akachuchumaa kando yake na kushika kata.

"Josho la udongo tumeshalitoa," akasema Bi Tausi, akimtazama mzee alivyopakaa tope mpaka nyusi. "Basi tuhesabu tatu."

Wakaosha. Kwenye la tano Samiha akasema, bila kuinua uso, "Bi Tausi, samahani kwa shuka lile."

"Shuka gani, mwanangu? Mie alfajiri zote nasikia maji yakimwagika, mwaka wa pili huu. Wadhani nachelewa kuja bombani kwa usingizi?" Akammwagia mzee la sita, taratibu. "Nilikuwa nakungoja umalize. Ungesema, ningekuja tukafua wote."

Jioni Rahimu akapiga. Alikuwa ameambiwa na watu, na sauti ilikuwa imejaa ushindi.

"Nilikwambia mimi! Haya, sema sasa, mbwa anawafaa au hawafai?"

Samiha aliitazama baraza. Karani alikuwa ametafuna ndara ya tatu wiki hiyo. Bi Tausi alikuwa amepandisha uteo wake wa samaki juu ya paa. Honi ikalia mtoni, mbwa akalia, mzee akatafuta kofia.

"Hatufai," akasema. "Hatufai hata kidogo. Nyumba ni ndogo, kelele nyingi, najisi kila kona, na kumtembeza kutaniua. Anabaki."

"Safi sana!"

"Subiri. Baba anakojoa kitandani, Rahimu. Kila usiku, mwaka wa pili sasa. Nafua peke yangu gizani ili mseme ananukia. Jumamosi unakuja. Mbwa atembezwe asubuhi na jioni, na mimi nimechoka."

Samiha akakata simu, akamwachia Rahimu maneno hayo.

Baadaye alimvua mzee fulana aliyomvika baada ya kumwosha tope. Alikuwa ametoa debe dogo la biskuti lenye mfuniko unaobana. Ile fulana ilikuwa na jasho, na doa la chai kifuani. Mkono wake ulikwenda kwenye beseni la sabuni wenyewe, kwa mazoea, akaurudisha. Akaikunja fulana vile vile na uchafu wake, akaitia ndani ya debe, akabana mfuniko, na kuliweka juu ya kabati ambapo mgeni yeyote angeliona.